Tuisome Barua ya Kazi Kabla ya Kuweka Mikorosho Rehani

Mwezi wa tisa, kabla minada ya korosho haijaanza, mzee mmoja alikuja darasani kwetu hapa Kitaya akiwa na karatasi mbili mkononi. Mzee huyu ni mwanakisomo wetu wa zamani. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na siku hizi anasoma gazeti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini karatasi zile zilimshinda, kwa sababu ziliandikwa kwa Kiingereza.

"Mwalimu," alisema, "binti yangu kapata kazi ya ualimu Uarabuni. Nataka unisomee tu, nijue ninalipia nini."

Binti yake alimaliza chuo cha ualimu miaka mitatu iliyopita. Ameomba ajira mara nyingi, hajapata. Wasomaji wengi wanazo habari kama hizi nyumbani kwao, maana siku hizi kijana akimaliza chuo hapangiwi shule moja kwa moja kama zamani.

Barua ilisema kwamba shule moja katika nchi ya Ghuba inamtaka binti akafundishe Kiingereza. Mshahara wa mwezi mmoja ulizidi fedha anazopata mzee kwa korosho za msimu mzima. Nyumba ya bure, chakula cha bure, tikiti ya ndege ya bure. Kilichotakiwa ni shilingi 2,600,000 za viza, vipimo vya afya na uandikishaji. Fedha zitumwe kwa simu, na zitumwe katika siku saba.

Mzee alikuwa amekwisha kumpata mtu wa kumkopesha. Rehani ilikuwa mikorosho yake 40, ile aliyoachiwa na baba yake.

Tulimwita binti, tukakaa wote chini ya mwembe. Binti alikuwa na haraka.

"Baba, siku saba zikipita nafasi inakwenda kwa mwingine."

"Mwanangu," mzee akamjibu, "mikorosho hii babu yako kaipanda kwa jembe. Ngoja mwalimu asome."

Basi tukasoma neno kwa neno. Katika makala haya tunaeleza tulichokiona, na jinsi kila msomaji anavyoweza kuipima barua ya namna hiyo ikimfikia yeye au mtoto wake. Neno letu ni moja: kwanza tusome, tuulize, tupate majibu. Fedha ni baadaye.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Kwenda mbali kutafuta kazi si jambo jipya kwa watu wa Ruvuma. Wakati wa ukoloni, wanaume wengi wa upande huu, na wengine kutoka ng'ambo ya mto huko Msumbiji, walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wengine walifika Lindi, wengine walifika mpaka Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Walipewa na kadi iliyoitwa kipande. Kila siku ya kazi ilitiwa alama juu ya kadi hiyo, mpaka zitimie siku 30, ndipo mtu alipwe.

Wazee wetu wengi waliingia katika mikataba ile kwa kutia dole gumba. Walisomewa, au hawakusomewa. Mtu alijua masharti yenyewe akiwa amekwisha kufika shambani, nauli ya kurudi hana.

Leo sisi tunajua kusoma na kuandika. Tunaweka saini. Lakini mtu anayeweka saini kwenye karatasi asiyoielewa hana tofauti kubwa na yule aliyetia dole gumba. Kama karatasi ni ya Kiingereza au Kiarabu, atafutwe mtu wa kuisoma. Wapo walimu wa shule, wapo maofisa wa kata, wapo masheikh wanaosoma Kiarabu. Kuomba kusomewa si aibu. Aibu ni kupoteza shamba kwa kuona haya kuuliza.

KARATASI NNE, NA KILA MOJA NA KAZI YAKE

Watu wengi huzichanganya karatasi za safari. Husikia "viza imetoka" wakadhani mambo yote yamekwisha. Hebu tuzitenganishe.

Pasipoti ni kitabu kinachotolewa na serikali yetu kupitia Idara ya Uhamiaji. Kinasema wewe ni nani na ni raia wa nchi gani. Tangu Januari 2018 Tanzania inatoa pasipoti ya kielektroniki. Ilipozinduliwa, gharama yake ilikuwa shilingi 150,000. Pasipoti mtu huiomba mwenyewe. Hakuna sababu ya kumpa mtu baki laki tano eti akutafutie pasipoti.

Viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi ya watu. Inatolewa na nchi unayokwenda. Zipo viza za namna nyingi: za utalii, za kutembelea ndugu, za masomo, za biashara na za kazi. Kila viza ina shughuli yake.

Kibali cha kazi ni ruhusa ya kufanya kazi ukiwa ndani ya nchi hiyo. Mara nyingi mwajiri ndiye anayekiomba, na hukiomba kabla wewe hujapanda ndege.

Mkataba ni mapatano kati yako na mwajiri. Unataja kazi, mshahara, saa za kazi, mapumziko, matibabu, muda wa kazi na nani atalipa nauli ya kurudi.

Mwenye viza bila kibali cha kazi ni mgeni tu. Haruhusiwi kufanya kazi. Mwenye kibali bila mkataba hana cha kumwonyesha hakimu siku mshahara usipolipwa. Kwa hiyo tusiulize, "Je, viza ipo?" Tuulize, "Ni viza ya nini, na karatasi nyingine tatu ziko wapi?"

HERUFI MOJA INAWEZA KUKUOKOA

Wanakisomo walioanza na a, e, i, o, u wanajua nguvu ya herufi moja. Katika viza nguvu hiyo inaonekana wazi.

Tuchukue mfano wa China. Viza ya China ina herufi. Herufi Z ni ya mtu anayekwenda kufanya kazi. Herufi X ni ya mwanafunzi. Herufi L ni ya mtalii. Herufi M ni ya mfanyabiashara. Mwalimu anayekwenda kuajiriwa huko lazima awe na Z. Kabla ya kupewa Z, shule inayomtaka huwa imekwisha kupata taarifa ya kibali kutoka serikali ya China. Akifika, huwa na siku 30 za kuomba kibali cha kuishi. Wakala akikuambia, "Ingia na L, Z utaipata huko huko," hapo ujue umeambiwa uanze kazi kwa kuvunja sheria.

Tena kuna jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi. China, kwa kawaida, humtaka mwalimu wa Kiingereza awe raia wa nchi ambamo Kiingereza ndiyo lugha ya kuzaliwa, tena awe na digrii. Mtanzania anayeahidiwa kazi ya kufundisha Kiingereza huko bila maelezo yoyote juu ya sharti hili, inampasa ashtuke.

Nchi ya Thailand nayo inataka mwalimu mgeni awe na viza ya kazi pamoja na kibali cha kazi. Kuingia kama mtalii kisha kushika chaki darasani ni kosa. Katika Falme za Kiarabu pia, kufanya kazi kwa viza ya kutembelea ni kosa.

Msomaji atauliza, "Kwani ubaya wake ni nini, ikiwa mshahara nalipwa?" Ubaya ni huu. Mwajiri anajua kwamba huna karatasi halali. Akikukata mshahara, huendi polisi, kwa sababu wewe mwenyewe unaogopa polisi. Akikuongezea saa za kazi, unanyamaza. Ukikamatwa, unaweza kutozwa faini, kuwekwa ndani, kurudishwa nyumbani na kukatazwa kuingia tena nchi ile. Yeye anatafuta mwingine. Deni la nyumbani linabaki palepale.

Zipo nchi ambazo mtu anaweza kubadilisha viza akiwa ndani. Hata hapo, hatari inabaki juu ya kichwa cha msafiri. Mwajiri asipokubadilishia, siku za viza zinakwisha, na faini inahesabiwa kwako.

MTO WA MBALI UNAOFANANA NA RUVUMA

Sisi wa Kitaya hatuhitaji kuelezwa mto wa mpakani ni kitu gani. Tunalima mpunga kando yake, tunavua ndani yake, na tuna ndugu ng'ambo. Tunajua pia kwamba mtu akivushwa mto huwa yuko chini ya sheria nyingine, na pengine chini ya watu wasiojali sheria yoyote. Oktoba 2020 wavamizi walivuka Ruvuma wakaua watu na kuchoma nyumba hapa hapa Kitaya. Hilo halijasahaulika.

Sasa, kati ya Thailand na Myanmar kuna mto unaoitwa Moei. Upande wa Thailand kuna mji wa Mae Sot. Upande wa Myanmar kuna Myawaddy. Vijana wengi kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia na nchi nyingine nyingi za dunia waliahidiwa kazi nzuri Thailand: kazi za mauzo, za kompyuta, za kuhudumia wateja kwa simu. Walitua Bangkok. Wakachukuliwa kwa gari safari ya saa nyingi, wakavushwa mto ule, wakajikuta ndani ya majengo yenye ukuta na walinzi wenye silaha.

Kazi waliyopewa ilikuwa kuwatapeli watu wa nchi nyingine kupitia simu na kompyuta. Aliyekataa alipigwa au kuadhibiwa. Aliyetaka kuondoka alidaiwa fedha nyingi za kujikomboa. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitoa onyo kwa raia wake juu ya kazi hizo baada ya kuwaokoa baadhi yao. Mwezi wa pili 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika majengo hayo na kupitishwa Thailand ili warudi kwao.

Tukumbuke ya kwamba wengi wa vijana hao walikuwa wamesoma. Walijua Kiingereza, walijua kompyuta. Walichokosa ni kuuliza mapema: Mwajiri ni nani? Mahali pa kazi ni mji gani? Viza ni ya nini?

MDHAMINI NI NANI?

Katika nchi nyingi za Ghuba mfanyakazi mgeni huingia kwa jina la mwajiri anayemdhamini. Utaratibu huu huitwa kafala. Ukaaji wako katika nchi umefungwa na mwajiri huyo. Ukimkimbia, anaweza kutoa taarifa kwamba umetoroka, na wewe ukawa ndiye mkosaji.

Nchi hizo zimerekebisha baadhi ya sheria. Qatar mwaka 2020 na Oman mwaka 2021 ziliondoa sharti la mfanyakazi kupata karatasi ya ridhaa ya mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwingine, ingawa yapo masharti mengine. Hata hivyo, jina la mwajiri bado ndilo mlango wa kuingilia. Kwa hiyo ni lazima ulijue jina hilo kabla.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kwamba walinyang'anywa pasipoti, walifanya kazi saa nyingi bila mapumziko, na walilipwa pungufu ya walichoahidiwa. Hatusemi kwamba kila anayekwenda Ghuba anateseka. Wapo waliojenga nyumba na kusomesha watoto. Tunasema kwamba ahadi ya mdomo haikumlinda yeyote kati ya wale walioteswa.

Hatari nyingine ni ya kubadilishiwa kazi. Msichana anaahidiwa ualimu, anafika anakuta ni kazi za ndani. Kama viza yake iliandikwa "mfanyakazi wa nyumbani" tangu mwanzo, na yeye hakuisoma, atashtaki nini? Isome viza yako kabla ya kupanda ndege. Kazi iliyoandikwa kwenye viza na kazi iliyoandikwa kwenye mkataba lazima ziwe moja.

KANGOMBA YA KAZI

Wakulima wa Mtwara wanaijua kangomba. Mtu anakuja nyumbani wakati wa njaa, anakupa fedha kidogo, anachukua korosho zako kwa kipimo chake. Hana leseni, hakupi risiti. Ukija kudai, humpati. Ndiyo maana tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani: mzigo unapimwa, unapokewa, unapewa karatasi yenye namba.

Kazi ya nje nayo ina kangomba yake. Ni wakala asiye na leseni. Anakuja wakati kijana amekata tamaa na mzazi amechoka. Dawa yake ni ile ile ya korosho: karatasi yenye namba, kutoka ofisi inayojulikana.

Hapa Tanzania wakala wa ajira binafsi anatakiwa awe na leseni ya serikali. Serikali yenyewe ina huduma za ajira chini ya wizara yenye dhamana ya kazi. Mikataba ya kazi za nje inatakiwa ipitie huko, na ubalozi wetu katika nchi ya kazi unaweza kuulizwa kama mwajiri anajulikana. Kwa watu wa Zanzibar kuna Kamisheni ya Kazi ya huko. Sisi wa Mtwara tunaweza kuanzia kwa Ofisa Kazi wa mkoa. Nauli ya kutoka Kitaya mpaka Mtwara mjini si kitu ukiilinganisha na mikorosho 40.

Na juu ya malipo, tuelewe hivi. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, linasema wakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi, isipokuwa kwa hali maalumu zilizoruhusiwa na serikali. Falme za Kiarabu, katika sheria yake ya kazi ya mwaka 2021, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa. Maana yake ni kwamba mwajiri wa kweli anayekutaka sana hugharimia yeye. Utalipia pasipoti yako, pengine na vyeti vyako kuthibitishwa. Lakini ukiombwa mamilioni kabla hata ya kuhojiwa, hapo simama.

KAZI ZA KWELI ZIPO

Hatuwaambii vijana wakae nyumbani. Kiswahili chetu kimepanda bei. Nchi za SADC zilikifanya lugha rasmi mwezi wa nane 2019. Mwezi wa kumi na moja 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Umoja wa Afrika nao ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Vyuo vikuu vya China, Marekani na Ulaya vinafundisha Kiswahili. Kwa miaka mingi vijana wa Tanzania wamekwenda Marekani kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mpango wa Fulbright, na kuomba nafasi hizo hakukuwa na ada.

Anayetaka kufundisha Kiswahili kwa wageni aanzie BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo huandikisha wataalamu wa Kiswahili na kutoa mafunzo. Na kila anayesafiri aulize ubalozi wa nchi anayokwenda, kwa sababu sheria za viza hubadilika mara kwa mara. Iliyokuwa wazi mwaka jana huenda imefungwa mwaka huu.

Kazi ya kweli ina dalili zake. Shule inataka kuviona vyeti vyako, na inataka vithibitishwe. Inakuhoji, pengine kwa simu ya picha, na mwalimu mkuu anakuuliza utafundishaje somo fulani. Inakupa mkataba uusome kwa siku kadhaa. Haikimbii maswali.

BARUA YA MZEE ILIISHIA WAPI?

Sasa turudi chini ya mwembe. Katika barua ile tuliona mambo matano.

Kwanza, jina la shule lilikuwapo lakini mji haukutajwa. Pili, binti hakuwahi kuhojiwa wala kuombwa cheti chake cha ualimu. Mtu gani anaajiri mwalimu bila kuuliza kama amesomea ualimu? Tatu, barua ilisema "viza" tu, bila kusema viza ya nini. Nne, namba ya kutumia fedha ilikuwa ya simu ya hapa nchini, na tulipoitazama ilitoa jina la mtu binafsi, si jina la shule wala la kampuni. Tano, siku saba. Haraka ile ilikuwa ni ya kumzuia mzee asiulize.

Tulimsaidia binti kuandika maswali manne. Tafadhali tupe jina kamili la mwajiri na mji wa shule. Tupe aina ya viza. Tutumie mkataba kabla ya malipo. Tupe namba ya leseni ya wakala.

Jibu lilikuja usiku ule ule. Viza ni ya kutembelea, "itabadilishwa mkifika". Mkataba atapewa huko huko. Leseni haikutajwa. Tukauliza tena. Siku ya pili akasema basi lipeni nusu kwanza. Siku ya tatu hakujibu tena, na simu yake haikupatikana.

Binti alilia. Alikaa siku mbili hasemi na baba yake, na sisi alituona kama tuliomfungia mlango. Hatukumlaumu. Mtu aliyesubiri miaka mitatu akionyeshwa mlango, hata uwe wa kuchorwa ukutani, anaumia akiambiwa si mlango. Baadaye alikuja mwenyewe kuomba tumsaidie kuandaa nakala za vyeti vyake, ili awe tayari ikija nafasi ya kweli. Mpaka tunapoandika haya hajapata ajira. Lakini hana deni, na mwezi wa kumi alikuwa shambani na baba yake wakiokota korosho za mikorosho yao wenyewe.

MAMBO YA KUBANDIKA UKUTANI

1. Usitume fedha kabla ya kusoma mkataba. Kama lugha hujui, tafuta wa kukusomea.

2. Lijue jina la mwajiri, mji na nchi. Watu wawili nyumbani wayajue pia.

3. Uliza viza ni ya nini. Viza ya utalii au ya kutembelea si viza ya kazi.

4. Uliza leseni ya wakala, kisha uulize ofisi ya kazi kama leseni hiyo ni ya kweli.

5. Tazama jina linalotokea kwenye simu kabla ya kutuma fedha. Kama si la ofisi, usitume.

6. Acha nyumbani nakala ya pasipoti, viza, mkataba na tikiti. Andika kwenye daftari namba ya simu ya ubalozi wetu katika nchi uendayo. Tanzania ina balozi katika miji kama Muscat, Abu Dhabi, Riyadh, Doha na Beijing.

7. Pasipoti ni yako. Usikubali kumwachia wakala au mwajiri aikalie.

8. Patana na nyumbani neno moja la siri. Ukilitamka kwenye simu, wajue una shida hata kama mtu amesimama karibu nawe.

9. Ukidanganywa, toa taarifa polisi au Uhamiaji. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008 inawahusu wanaosafirisha watu kwa udanganyifu ili wawanyonye. Usinyamaze kwa aibu, maana aliyekudanganya wewe kesho atakwenda kijiji kingine.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Je, kijijini kwenu yuko mtu aliyepata barua au simu ya kazi ya nje? Aliipima namna gani?

2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya viza na kibali cha kazi.

3. Wakala anakuambia, "Lipa leo, mkataba utapewa ukifika." Utamjibu nini?

4. Wazee waliokuwa manamba, au waliosikia habari zao, wawaeleze vijana: ni masharti gani yalijulikana kabla ya safari, na ni yapi yalijulikana baada ya kufika?

Ndugu wasomaji, mwenye barua kama ile ya mzee wetu asiifiche. Ailete darasani jioni. Tutaisoma pamoja.